Ndiyo Mbili na Nati Moja

Mwanaidi, mama yangu,

Marahaba. Shikamoo yenyewe najua utanipa kesho asubuhi mbio mbio, kikapu mkononi na macho barabarani, kwa hiyo naijibu leo nikiwa bado na nafasi.

Katika wilaya hizi mbili, Korogwe na Handeni, hakuna mtu aliyeshika spana akaitengeneza ndege kabla ya baba yako. Mimi ndiye wa kwanza. Na ndege niliyoigusa mimi haikupata kuanguka. Hayo umeyasikia tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako. Umenisikia nikiwaambia wageni, nikimwambia mwalimu wenu mkuu, nikimwambia hata yule bwana shamba aliyekuja hapa Kwamsisi kutufundisha kupanda pamba kwa mstari, ambaye wala hakuwa ameniuliza. Yasome hapa kwa mara ya mwisho, kwa sababu ni uongo.

Nilikuwa muosha ndege. Na ndege yenyewe ilikuwa moja, ndogo, mali ya shamba la mkonge. Nilikuwa na ndoo, kipande cha sabuni ya mche na matambara. Siku nyingine nilimshikia fundi taa na kumpa spana aliyoitaka, na mara nyingi nilimpa asiyoitaka. Ndege niliyoigusa ni hiyo moja, na ilianguka.

Pumua kwanza. Mimi mwenyewe nimeiweka kalamu chini nikaenda kutazama mbuzi kabla ya kuendelea.

Mama yako yuko jikoni anakukaangia visheti vya njiani, nawe umekwenda kumuaga shangazi yako, kwa hiyo nina meza, nina daftari lako la zamani la jiografia, na nina alasiri nzima. Mambo ya dawa ya malaria, ya kufungia sanduku kwa kamba, ya kutokubali soda ya mtu usiyemjua, hayo mama yako ameshayasema mara tatu na kesho atayasema ya nne. Siyagusi. Mimi nina neno moja tu la kukueleza, la Kiswahili cha kawaida kabisa, lakini limekula kazi ya mtu mmoja na jicho la mtu mwingine. Nataka ulijue kabla hawajakupa spana huko chuoni Dar es Salaam. Maana unakwenda kusomea ufundi wa ndege kwa ajili yangu. Kwa ajili ya uongo wangu, yaani. Siku ile ulipokuwa ukijaza fomu nilikuwa nyuma yako. Ulipofika penye kazi ya baba ukaandika, kwa mwandiko wako mzuri, "fundi wa ndege, mstaafu". Nilikohoa. Ulidhani ni tumbaku.

Basi ilikuwa hivi. Uhuru ulikuwa umekuja, wewe unatambaa, tunaishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba lile, huko bondeni Korogwe. Fundi halisi alikuwa Yohana. Baba yake aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini, akajifunzia ufundi kwenye matrekta, halafu wakamtia kwenye ndege. Mtu mrefu, mkimya, wa kanisani, anayeimba tenzi puani akiwa kazini. Mimi nilikuwa nikimwigiza anavyotembea, kama korongo aliyepoteza kitu, wafanyakazi wakacheka na yeye akacheka. Alinivumilia sana. Unajua mimi nimesoma hadi darasa la tatu, la nne nililitazama dirishani. Yohana ndiye aliyenifundisha kusoma maandishi ya kwenye makopo, ili nisije nikaosha kioo cha ndege kwa maji ya betri.

Rubani alikuwa Mzungu tuliyemwita Sasahivi, kwa sababu kila kitu alikitaka sasa hivi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuagizia: leta, ondoa, hapana, upesi. Hakuwa mtu mbaya. Nakuambia hivyo usije ukadhani nakutungia hadithi ya shetani. Alikuwa tu mtu aliyezoea kujibiwa haraka.

Asubuhi ile Yohana alikuwa amelala chali chini ya mkia wa ndege tangu kabla jua halijatoka, na jana yake vilevile. Kule mkiani kuna ubawa mdogo unaoinua na kushusha pua ya ndege. Umeungwa kwa bolti, bolti ina nati, na nati ina pini nyembamba ya miguu miwili: unaipitisha katikati halafu unaikunja miguu yake, ndege itikisike itakavyo, nati haifunguki. Kitu chenyewe kidogo, kikidondokea mfukoni mwako hujui. Pini ya zamani ilikuwa imekatika. Mpya ziko stoo, stoo imefungwa, na mwenye stoo amekwenda kunywa chai na ufunguo mfukoni mwake.

Yohana alifuta mikono akaniambia, na maneno yake nayajua kama ninavyoijua Alhamdu: "Salimu, nati nimeizungusha kwa vidole tu. Sijaikaza, na pini haina. Naenda kumtafuta huyu mwenye stoo. Mtu asiondoke na ndege hii."

Nikasema sawa. Akaenda.

Haukupita muda, Sasahivi huyo anakuja na mkoba wake. Nyuma yake yuko Athumani, dresa wa zahanati ya shamba, mtu wa Mashewa, amepata lifti ya kwenda Tanga kuchukua dawa. Huko Tanga kuna mkubwa mmoja anangoja kuletwa shambani, na mkubwa hangoji. Sasahivi akaizunguka ndege, akaona kifuniko cha mkiani kiko wazi, akachungulia, akaiona nati. Akanigeukia mimi mwenye ndoo.

"Wewe hapana kaza hii bado?"

Nikamjibu, "Ndiyo, bwana."

Simama hapo, mama. Mama yako akiniuliza, "Hujala?" nami nikajibu, "Ndiyo," anafanya nini? Anakwenda kuniletea sahani. Maana nimesema ndiyo, ni kweli, sijala. Hivyo ndivyo tunavyojibizana sisi sote, huku na Mashewa na Vugiri, na hakuna aliyekufa njaa. Lakini Mzungu akisikia ile ndiyo anasikia kwamba nimeshakula, anaondoa sahani. Mimi nilisema ndiyo, bado haijakazwa. Yeye akasikia ndiyo, imekazwa. Akasema, "Mzuri," akafunga kifuniko.

Ndiyo ya kwanza hiyo. Ile naweza kuisamehe. Ilitoka na ulimi tu, kama ambavyo ingetoka kwa mtu yeyote wa hapa. Ningesema "bado", neno dogo vile, Athumani angekuwa na macho mawili leo.

Ninachoshindwa kukisamehe ni dakika zilizofuata. Nilimwona anafunga kile kifuniko bila kushika spana. Nikajiambia labda ameikaza kwa namna ya Kizungu ambayo mimi siijui. Nikajiambia yeye ndiye rubani, atapanda yeye, hawezi kujiua. Injini ikawashwa, ikanguruma muda wa mtu kuvuta sigara nzima, na muda wote huo mimi nimesimama pale, nina mdomo, nina miguu, nina mikono miwili ya kupunga. Athumani alinipungia dirishani anacheka, ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda. Sasahivi akaonyesha kwa kidole magogo yanayozuia magurudumu. Nikayaondoa. Mimi mwenyewe, Mwanaidi. Nikainama nikayaondoa.

Ilipaa vizuri. Ikageuka kuelekea Tanga, halafu pua ikainama kama ng'ombe anayetaka maji, na haikuinuka tena. Ikaingia kwenye mkonge. Umewahi kuchomwa na mwiba wa mkonge kidoleni ukalia siku mbili. Wenzako walidondokea shamba zima. Sasahivi alivunjika nyonga. Athumani mwiba ulimwingia jichoni. Nilipokuwa nakimbia kwenda huko nilipishana na Yohana anatoka stoo, pini iko kwenye vidole vyake, ameishika hivi, kama mtu anayepeleka chumvi.

Hakuna aliyekufa, na kwa sababu hiyo ikaandikwa kuwa ajali ndogo. Mpaka leo maneno hayo yananipandisha damu. Ndogo kwa nani? Athumani bado namkuta sokoni Korogwe, na ili anitazame lazima ageuze shingo yote.

Wakaja watu watatu na jalada kuichunguza ajali. Suruali zimenyooshwa, kalamu nne nne mfukoni. Walikaa ofisi ya meneja siku mbili wakanywa chai ya maziwa, na nakuapia, hawakwenda hata mara moja kuitazama stoo. Hawakuuliza kwa nini kitu kinachozuia watu wasife kinafungiwa na mtu mmoja anayependa chai. Hawakuuliza kwa nini fundi mmoja afanye kazi ya watu watatu tangu giza mpaka giza. Kile kitabu ambacho rubani anatia sahihi kwamba ameikagua ndege, ambacho nilimwona kwa macho yangu akikitilia sahihi juu ya goti, sijui kilikwenda wapi. Wao walikuja kutafuta jina. Ukishapatikana jina, unaliandika, unalipigia mstari, unapanda gari unarudi mjini kabla ya mvua. Walikuwa weupe na weusi mchanganyiko, usidhani. Katika uvivu huo Uhuru ulitukuta tuko sawa tayari.

Zamu yangu ikafika. Karani alikuwa na karatasi yenye maswali, akaniuliza, "Yohana hakukuambia kwamba kazi haijaisha?"

Nikamjibu, "Ndiyo."

Hii ndiyo ya pili, na hii haikutoka na ulimi. Nilifikiri kwanza. Kwa Kiswahili chetu nilikuwa nimesema hakuniambia. Kwa Kiswahili cha Sasahivi nilikuwa nimesema aliniambia. Nikajifariji kwamba sijasema uongo, nimeazima tu Kiswahili cha Mzungu. Lakini nilikuwa najua karani ni mtu wa Muheza, anakula kama mimi, na nilijua ataandika nini. Aliandika kwamba Yohana aliacha kazi njiani asimwambie mtu. Nikamwona anaandika. Nikasema asante, nikatoka. Nilikuwa nawaza nyumba ya kambini, na wewe unayetambaa, na mama yako aliyekuwa na mimba ya kaka yako. Sizitaji hizo ili unionee huruma. Yohana naye alikuwa na nyumba na watoto.

Alipewa siku tatu kuhama. Alipopita mlangoni kwetu na mizigo yake alikukatia kipande cha muwa ukakimumunya mpaka jioni. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa naumwa kichwa, au nilisema hivyo.

Mwaka ulipita na zaidi ndipo nikapanda Vugiri kumtafuta. Alikuwa nyumbani kwa wakwe zake, ametandaza mashine ya kusaga ya watu juu ya gunia, kila kifaa kimepangwa kwa safu. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu chini ya mlima. Nilifika yote yameisha pumzi pamoja nami. Nikamweleza hivyohivyo vipande vipande. Hakuacha kazi.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Nilikuwa chini ya dirisha la ofisi nangoja zamu yangu. Nilikusikia."

Nikamuuliza kwa nini hakuingia akasema.

"Ulikuwa umeulizwa wewe, Salimu. Na sasa mbona unaniambia mimi? Mimi sikuandika lile jalada."

Kisha akachomoa kibiriti mfukoni, akakifungua, ndani mna ile pini. Haijakunjwa miguu. Sijui nilipatwa na nini, nikamwomba anipe niende nayo. Akakifunga kibiriti.

"Hii ni yangu. Wewe kaa na ndiyo yako."

Mkewe akatuletea ndizi na maharage, nikala. Yalikuwa yamepikwa vizuri na sijapata kula chakula kigumu kama kile.

Nilishuka nikaenda moja kwa moja ofisini. Shamba lilikuwa limeshataifishwa, picha ukutani zimebadilishwa, na kijana nyuma ya meza aliniita ndugu. Nikasema nimekuja kurekebisha maneno yangu ya ile ajali. Akanisikiliza vizuri sana, ana adabu, halafu akasema, "Jalada limefungwa, ndugu. Sasa tukilifungua tumuandike nani?" Umesikia hilo swali? Hakuuliza ilikuwaje. Tumuandike nani. Nikarudi wiki iliyofuata, nikarudi tena mwezi uliofuata, mpaka mlinzi wa getini akawa ananikaribisha kwa jina. Nilikasirika, nikatukana njia nzima mpaka nyumbani. Katika mambo yale yote, mwanangu, kitu pekee kilichokazwa sawasawa ni lile jalada.

Na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mama yako. Hasira ile ni ya haki, sitaiacha, nitazikwa nayo. Lakini ilinifaa pia. Kila nilipowatukana wale watu watatu na kalamu zao nilijisikia nimefanya kazi fulani, nikalala. Ndipo nikaanza ile hadithi ya fundi wa ndege wa kwanza. Mtu anayepiga kelele sana hakuna anayemuuliza alikuwa amesimama wapi. Yohana alifariki mwaka juzi. Kwenye karatasi zao bado ni mzembe.

Unakumbuka siku ya mkutano wa kuhamia vijijini? Ulikuwa mkubwa kidogo, ulikaa mapajani kwangu. Yule ofisa alisimama juu ya kiti akatuuliza, "Ndugu wananchi, hamtaki kubaki nyuma?" Kijiji kizima kikajibu, "Ndiyo!" Wazee wa nyuma ambao hawakusikia vizuri wakadhani ameuliza kama hatutaki kuhama, wakajibu ndiyo kwa nguvu zaidi kuliko sisi. Akaandika kwamba wote wamekubali kwa furaha. Babu yako mzaa mama alihamishwa kwa ndiyo aliyoitoa kukataa, akabebwa kwenye lori na milango ya nyumba yake. Watu walicheka baadaye. Mimi sikucheka, na unajua mimi hucheka hata matangani. Nilikuwa nimeliona neno lile likifanya kazi mara ya tatu.

Huko uendako watakufundisha mambo ya chuma na mafuta na umeme, na utayajua kuliko mimi ninavyojua sala. Siwezi kukuongezea. Lakini atakuja siku moja mtu mwenye haraka, pengine mweusi kama wewe, pengine mjomba wako, ana mkubwa anamngoja mahali, atakuuliza, "Hujamaliza?" Usimpe ndiyo wala hapana. Mwambie nati haijakazwa, pini haina, ndege haiendi. Atakuona huna adabu. Mimi nilikuwa na adabu sana asubuhi ile.

Na likitokea baya, wakaja watu na jalada, watakutaka uwape jina. Litakuwa tayari mdomoni, la mtu mkimya asiyejitetea. Wape pia ufunguo wa stoo. Wape siku mbili bila mapumziko, na kitabu cha sahihi juu ya goti. Wape na sehemu yako, kwa Kiswahili kizima. Hawatapenda, itawachelewesha mpaka mvua iwakute.

Ukitaka, andika barua chuoni urekebishe ile fomu. Kazi ya baba: muosha ndege. Usiogope, mimi sitaona aibu, nimeshaiona yote hapa mezani. Na kama sasa hutaki tena kwenda, kwa kuwa njia uliyoifuata ilichorwa na mwongo, niambie. Ila nadhani utakwenda. Tangu ukiwa na miaka saba ulikuwa ukivunjavunja saa yangu na kuirudisha, na hilo mimi sikukufundisha. Hilo ni lako.

Nasikia mama yako anaita kuni, na wewe unakaribia kurudi, kwa hiyo nakomea hapa na neno la baiskeli.

Kesho nitabeba sanduku lako nyuma ya baiskeli yangu mpaka barabarani linakosimama lori la kwenda Handeni mjini, na unaujua ule mteremko wa mtoni. Ulipoiazima wakati wa mahindi ukarudi nayo pedali inacheza, uliahidi kunikazia mwenyewe ile kotapini, pini inayoishika pedali. Ahadi hiyo nakudai. Jana nilikuuliza, kama mjinga ambaye hajajifunza kitu maishani, "Hujaikaza?" Ukajibu, "Ndiyo, baba," ukaenda zako. Tangu jana naitazama baiskeli ile ukutani na siigusi. Kabla hujalala chukua spana, toka nje, kisha njoo uniambie kwa maneno kamili.

Baba yako,
Salimu